Anayeshauri na Anayebaki: Wataalamu wa Kujitolea, Kibanja na Mzinga wa Nyuki katika Karagwe na Kyerwa, 1937–2019

Utangulizi

Kata ya Nyabiyonza imo katika Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Wilaya jirani ya Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012. Kwa hiyo jina Karagwe, linapotumika katika insha hii kwa kipindi cha kabla ya mwaka huo, linajumuisha wilaya zote mbili. Uchumi wa kaya katika eneo hili umejengwa juu ya kibanja, yaani shamba linaloizunguka nyumba, lenye migomba, mikahawa, maharage chini ya migomba, na miti kandokando. Kwa wanaofuga nyuki, mzinga huwekwa juu ya mti wa pembeni mwa kibanja au katika pori lililo mbali na makazi.

Kwa zaidi ya miaka themanini kibanja hicho kimepokea washauri wa kila namna. Wapo waliotumwa na serikali, wapo waliotumwa na makanisa, na wapo waliokuja na miradi ya wafadhili. Baadhi walikuja kwa kujitolea: watu wenye taaluma kamili, kama vile wahandisi, wafugaji wa nyuki, wakulima wakubwa au walimu wa vyuo, ambao waliacha shughuli zao kwa majuma au miezi kadhaa bila kulipwa mshahara kwa kazi waliyokuja kuifanya. Insha hii inawahusu hao wa mwisho. Hoja yake ni kwamba historia yao haiwezi kuandikwa kwa kufuata safari zao za kuja na kurudi peke yake. Ushauri hujaribiwa katika ardhi ya mtu. Mkulima anayetoa kipande cha kibanja, msimu mmoja wa mazao na sehemu ya chakula cha watoto wake ili jambo geni lijaribiwe, naye anajitolea, na mara nyingi anatoa kingi kuliko mgeni. Hata hivyo taarifa za mashirika humwita mnufaika.

Mshauri mwenye amri

Ili kuelewa kwa nini ushauri usio na amri ulipokelewa jinsi ulivyopokelewa, ni lazima kukumbuka ushauri uliotangulia. Katika enzi ya Waingereza, Karagwe ilitawaliwa kama sehemu ya Wilaya ya Bukoba. Mwaka 1937 kanuni za serikali kuhusu utunzaji wa mikahawa zilizusha upinzani mkali katika Bukoba. Wataalamu wa kilimo waliona mikahawa isiyotunzwa na magonjwa yanayoenea. Wakulima waliona mtu wa serikali akiingia kibanjani na kuamuru. Kibanja hakikuwa shamba tu. Kilikuwa urithi, na mara nyingi makaburi ya wazee yalikuwa humo humo. Kisayansi huenda ushauri ulikuwa na msingi, lakini ulibebwa na adhabu.

Jambo hilo lilijirudia katika miaka ya 1950 wakati wa kampeni dhidi ya kayanja, fukusi anayetoboa shina la mgomba chini ya udongo. Fukusi mwenyewe alikuwa wa kweli na hasara yake ilikuwa ya kweli. Lakini kampeni iliendeshwa kwa ukaguzi na faini, na chuki iliyotokana nayo ikawa mtaji wa siasa za kupinga ukoloni. Ali Migeyo, mwanasiasa aliyepata umaarufu Buhaya kwa kupinga kampeni za namna hiyo, alikamatwa na kufungwa. Mwanahistoria asiyejali wadudu anaweza kuyasoma matukio hayo kama sura ya siasa tu. Mimi nayasoma pia kama sura ya historia ya ugani: kizazi kizima kilijifunza kwamba mtu anayekuja kukagua migomba anaweza kuondoka na faini mkononi.

Maana mbili za kujitolea

Mwaka 1958 lilianzishwa Uingereza shirika la VSO, na mwaka 1961 Marekani iliunda Peace Corps. Kundi la kwanza la Peace Corps lililotumwa Tanganyika lilikuwa la wapimaji ardhi, wajiolojia na wahandisi. Japani iliunda mpango wake wa vijana wa kujitolea mwaka 1965. Kwa hiyo, Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, Watanzania walikuwa tayari wamekwisha kuzoea kumwona kijana wa Ulaya au Marekani akifundisha shuleni au akipima barabara. Azimio halikuwakataa watu hao kwa majina, lakini lilibadilisha swali. Likauliza ni nani anayelijenga taifa. Mwaka 1969 Peace Corps waliondoka nchini, nao hawakurudi hadi mwaka 1979.

Jambo linalostahili kuzingatiwa na mtafiti wa Kiswahili ni neno lenyewe. Katika miaka hiyo hiyo, kujitolea kulikuwa na maana nyingine, tena iliyo karibu zaidi na mwanakijiji: nguvu za kujitolea zilizochimba misingi ya madarasa, zilizobeba mawe ya zahanati na kusafisha barabara za vijiji. Mwanakijiji alijitolea siku yake ya kazi. Wakati mwingine alijitolea kwa hiari, wakati mwingine kwa sababu balozi wa nyumba kumi alikuwa ameandika majina. Mgeni alipokuja naye akaitwa mtu wa kujitolea, neno lilikuwa moja, lakini vitu vilivyotolewa havikuwa sawa. Mgeni alitoa muda ambao kwao ungeweza kulipwa. Mwenyeji alitoa muda ambao kibanja chake kilikuwa kinaudai siku hiyo hiyo.

Kwa haki ni lazima iongezwe kwamba mgeni wa kujitolea alikuwa na sifa moja ambayo bwana shamba wa kikoloni hakuwa nayo: hakuweza kumtoza mtu faini. Mkulima angeweza kumsikiliza, kumkaribisha senene, kisha akaendelea na mambo yake. Uhuru huo wa kutotii ndio, kwa maoni yangu, ulioleta tofauti kubwa zaidi kuliko utaalamu wowote uliobebwa katika begi.

Mzinga kama shahidi

Ufugaji wa nyuki ni mahali pazuri pa kupima hoja hii, kwa kuwa mzinga hauwezi kutoa taarifa ya uongo. Ama una nyuki ama hauna.

Katika eneo la Maziwa Makuu mizinga ya asili ni ya magogo yaliyotobolewa au ya fito zilizosukwa na kukandikwa kwa samadi. Mvunaji hupanda usiku akiwa na mwenge wa moshi, hukata masega na kuacha sehemu ili kundi liendelee. Mizinga huwa mingi na ya gharama ndogo, nayo hutundikwa kwa matarajio kwamba baadhi itaingiwa na mingine itabaki mitupu. Mtaalamu aliyelelewa katika ufugaji wa Ulaya anapouona utaratibu huo kwa mara ya kwanza huuona kama uzembe. Kwao makundi ni machache, kila moja lina thamani kubwa, na kazi ya mfugaji ni kulitunza lisife wakati wa baridi. Nyuki wa Afrika Mashariki wana tabia nyingine. Chakula kinapopungua, au wanaposumbuliwa na siafu, nyegere au moshi wa moto wa nyika, huhama. Nyuki akiwa na desturi ya kuhama, ni busara kuwa na mizinga mingi ya bei ndogo kuliko michache ya bei kubwa. Hesabu hiyo ya kiuchumi wafugaji wa asili walikuwa wameifanya muda mrefu kabla ya kufika kwa mshauri yeyote.

Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuwaelewa nyuki hawa kwa vipimo vya sayansi katika Tanganyika ni Francis G. Smith, aliyekuwa ofisa wa serikali aliyeajiriwa, wala si mtu wa kujitolea. Alianza kazi nchini mwishoni mwa miaka ya 1940, akachapisha kitabu chake kuhusu ufugaji wa nyuki katika nchi za joto mwaka 1960, na mwaka 1961 aliwaeleza kisayansi nyuki wa milimani na wa pwani wa Afrika Mashariki kama jamii ndogo zinazojitegemea. Kuna kipimo kimoja chenye uzito wa pekee kwa mada hii. Nyuki wa Ulaya hujenga masega yao kwa nafasi ya takriban milimita 35 kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya lingine. Nyuki wadogo wa Afrika Mashariki hutumia takriban milimita 32. Milimita tatu zaonekana si kitu. Lakini mshauri akija na vipimo vya kwao, na fundi seremala wa kijijini akavifuata kwa uaminifu, nyuki watajenga masega kwa kuyavusha kutoka kiunzi kimoja hadi kingine, na mzinga uliosifiwa kwamba viunzi vyake huinuliwa kimoja kimoja hautafunguka bila kuvunja asali na watoto wa nyuki. Hapo mfugaji huhitimisha kwamba mzinga wa kisasa haufai. Fundi hakukosea chochote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ushirikiano wa Kenya na Kanada uliowahusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph, ulisanifiwa mzinga uliokuja kuitwa mzinga wa Kenya wa viunzi vya juu. Ni sanduku lenye kuta zilizoinama ndani kuelekea chini, lisilo na fremu wala nta ya kiwandani, na viunzi vyake hukatwa kwa milimita 32. Seremala mwenye msumeno anaweza kuutengeneza. Huu ndio mzinga ulioenezwa zaidi na washauri wa kujitolea na miradi midogo katika Afrika Mashariki, na kwa sababu nzuri: ukilinganisha na mzinga wa fremu wa Langstroth wa karne ya 19, ambao hudai vipimo sahihi sana, nta za msingi na mashine ya kukamulia, mzinga wa viunzi vya juu haumfungi mfugaji kwa muuza vifaa. Hata hivyo mbao zake bado ni ghali kuliko gogo, na unapowekwa chini ya usawa wa kifua, kama ilivyofundishwa ili kurahisisha ukaguzi, huwa karibu zaidi na siafu na nyegere. Mtaalamu hupendekeza kuutundika kwa waya uliopakwa grisi. Grisi hukauka, nayo hununuliwa dukani.

Nicola Bradbear, ambaye mwaka 1993 alianzisha nchini Uingereza shirika la Bees for Development, aliandika katika kitabu kilichochapishwa na FAO mwaka 2009 kwamba mizinga ya asili isidharauliwe, kwa kuwa inalingana na mazingira na kipato cha wafugaji. Maoni hayo yametoka kwa watu wa fani hiyo hiyo ya ushauri, na yalichukua muda mrefu kutamkwa. Kuchelewa huko kunaeleweka. Taarifa ya ziara ya majuma matatu huhesabu mizinga iliyogawiwa na watu waliohudhuria mafunzo, kwa kuwa ndivyo vitu vinavyoonekana ndani ya majuma matatu. Mzinga mtupu huonekana mwaka wa pili, wakati ambapo mwandishi wa taarifa amekwisha kurudi kwao.

Serikali ya Tanzania yenyewe ilitoa Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki mwaka 1998, na Bunge likapitisha Sheria ya Ufugaji Nyuki mwaka 2002. Hatua hizo zilimpa ofisa nyuki wa wilaya mamlaka ya kitaalamu ambayo mgeni wa kujitolea alipaswa kuyapitia.

Baada ya 1994

Mauaji ya kimbari ya Rwanda yaliibadilisha Karagwe. Tangu 1994 hadi kurudishwa kwa wakimbizi mwezi Desemba 1996, wilaya ilikuwa na kambi kubwa, zikiwamo Chabalisa, Kagenyi na Rubwera. Miti ilikatwa kwa ajili ya kuni na ujenzi, na pamoja na wakimbizi yalikuja mashirika. Shirika la Kiswidi la Vi nalo lilieneza kilimo mseto mkoani Kagera, likihimiza upandaji wa miti kama mgrivelia na kaliandra kwa ajili ya kuni, malisho na rutuba. Hapa pana jambo dogo la kufurahisha: miti hiyo miwili hutoa maua yenye nekta nyingi. Washauri wa miti, ambao shabaha yao ilikuwa kuni na udongo, waliwalisha nyuki bila kukusudia.

Mfano ulio wazi zaidi wa utaalamu wa kujitolea katika Karagwe, hata hivyo, hautokani na nyuki bali na udongo. Shirika la wenyeji la MAVUNO lilishirikiana na kundi la Berlin la Ingenieure ohne Grenzen, chama cha Ujerumani cha wahandisi wanaojitolea. Kutokana na ushirikiano huo ilizaliwa miradi ya biogesi inayotumia mabaki ya migomba, na ya choo kikavu ambacho kinyesi chake hupashwa moto hadi vijidudu vife, kisha huchanganywa na makaa na mabaki ya mimea kuwa mboji. Ariane Krause, aliyeandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, aliipima mboji hiyo shambani Karagwe mwaka 2014 kwa mahindi, maharage, kabichi na vitunguu, akiilinganisha na mboji ya kawaida, tope la biogesi na udongo usiotiwa kitu. Udongo wa hapo una asili ya volkano, una tindikali na hauna fosforasi ya kutosha kwa mimea. Mboji yenye makaa na samadi ya choo iliongeza mavuno ya mahindi kwa kiwango kikubwa na kupunguza tindikali.

Kinachonivutia katika kazi hiyo ni mpangilio wake kuliko matokeo. Swali lilitoka kwa shirika la wenyeji ambalo lilikuwapo kabla ya wahandisi na likabaki baada yao. Kulikuwa na vipande vya shamba visivyotiwa kitu, ili ionekane kama ushauri unazidi desturi. Na wanaojitolea walirudi tena na tena kwa miaka, kwa hiyo walilazimika kukutana na makosa yao wenyewe. Mpango wa Marekani wa mkulima kwa mkulima, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1985 na ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zake, nao ulidai kwamba mwito utoke kwa mwenyeji, lakini ziara zake zilikuwa za majuma machache. Muda huo watosha kurekebisha hesabu za chama cha ushirika. Kwa jambo linalohitaji misimu miwili ya mvua hautoshi.

Ua dume la mgomba

Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria, ambao Kagera hufahamika zaidi kwa jina la unyanjano, ulithibitishwa Uganda mwaka 2001 na kuripotiwa Kagera mwaka 2006. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na utomvu wa manjano hutoka kwenye shina lililokatwa. Hakuna dawa. Ushauri uliotolewa na watafiti na kuenezwa na kila aina ya mshauri ulikuwa huu: ng'oa mgomba mgonjwa, safisha panga kwa moto au kwa dawa ya klorini kila linapohama kutoka mgomba hadi mgomba, na ondoa ua dume, lile linaloning'inia mwisho wa mkungu, mara tu chane la mwisho linapojitokeza. Ua hilo lisikatwe kwa panga bali livunjwe kwa kijiti chenye panda.

Sababu ya kuvunja ua dume ni kwamba wadudu hulitembelea kutafuta nekta, nao hubeba bakteria kutoka kovu moja hadi jingine. Miongoni mwa wadudu waliotajwa na watafiti ni nyuki.

Hapa shauri mbili zilizo sahihi zinagongana katika kibanja kimoja. Mshauri wa nyuki humwambia mkulima kwamba migomba hutoa maua mwaka mzima na hivyo huwapa nyuki chakula hata majira mengine yanapokauka. Tena humwambia, kwa haki, kwamba kahawa ya robusta inayolimwa Kagera haijichavushi yenyewe kama arabika, na kwamba nyuki huisaidia kuzaa. Mshauri wa migomba humwambia avunje kila ua dume. Kila mmoja amesema ukweli wa fani yake, na kila mmoja ana tarehe ya ndege ya kurudi. Anayebaki na jukumu la kuupatanisha ukweli huo ni mwenye kibanja. Wala mapatano si magumu sana kwa mtu anayeyaona yote kwa pamoja: ua likivunjwa mapema, nyuki hukosa sababu ya kugusa kovu la mgomba, na nekta hutafutwa kwenye mikahawa, maharage, mgrivelia na kaliandra. Lakini mapatano hayo hudai kwamba miti iwe imekwisha kupandwa miaka kadhaa kabla, na kwamba jirani naye avunje maua yake, kwa kuwa nyuki hawajui mpaka wa kibanja.

Suala la jirani ndilo lililoirudisha amri. Viongozi waliposisitiza ung'oaji wa migomba iliyoambukizwa, wazee waliokumbuka simulizi za kayanja walikuwa na sababu ya kukunja uso. Tofauti safari hii ni kwamba wakulima wengi walikuwa wameuona ugonjwa ukimaliza kibanja cha mtu kwa msimu mmoja au miwili, nao wakajifunza kijiti chenye panda kutoka kwa mkulima mwenzao kabla ya kufundishwa na mgeni.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi na kuwa hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Ndani ya hifadhi ya taifa, mwanakijiji haruhusiwi kuvuna wala kutundika mzinga. Kwa mfugaji wa Karagwe au Kyerwa aliyekuwa akilitegemea pori, mzinga unabaki na sehemu chache: msitu wa kijiji mahali ulipo, mti wa rweyani, au pembe ya kibanja, hatua chache kutoka kwenye mgomba ambao ua lake linangoja kuvunjwa.